Kigoma hadi Chicago: saa 15 za kwenye simu, saa 36 za njiani

Iulize simu yako umbali wa kutoka Kigoma hadi Chicago, jibu litakuja hata hujameza mate: kilomita 12,600 na ushei, saa 15 na dakika zake angani. Kisha mtafute mtu aliyeifanya safari hiyo kweli, umuulize. Atakwambia siku mbili, na huenda akaongeza kwamba miguu ilimvimba. Simu haikudanganya na msafiri hakutia chumvi. Kila mmoja amejibu swali lake.

Swali lenyewe si la kubuni kwa watu wa mkoa huu. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, imehifadhi wakimbizi kutoka Kongo tangu mwaka 1996, na wengi wao wamehamishiwa Marekani, wakaacha huku wakwe, marafiki na watoto waliosoma nao. Ongeza wanafunzi, ongeza waliobahatika na viza, utaona kwa nini ukikaa Mwanga au Ujiji, hapa Kigoma, hukosi kumsikia mtu akihesabu kwa vidole: akiondoka hapa saa nne asubuhi, huko atatua saa ngapi? Majirani huniletea tiketi zao niwasomee, na karibu kila mara mkanganyiko ni ule ule. Kuna umbali wa aina tatu na saa za aina tatu, na watu huchanganya wa aina hii na za aina ile.

Tuanze na kilomita, maana hizo angalau hazibadiliki kwa msimu.

Chukua ramani ya dunia ya ukutani, weka rula kutoka Kigoma hadi Chicago. Mstari utapita Kongo, Kameruni na Ghana, utatokea baharini maeneo ya Senegali, kisha utakata Atlantiki kwa mshazari. Unaonekana umenyooka, na ndiyo maana unadanganya. Ramani ni bapa, dunia ni mviringo, na hakuna namna ya kuubapiza mviringo bila kuuvuta mahali fulani. Chukua badala yake mpira, utie alama mbili, vuta uzi ukaze kati yake: uzi utajitafutia wenyewe njia fupi kuliko zote. Wanajiografia huiita njia hiyo duara kuu, na ndiyo inayopimwa na kila programu inayokupa umbali kati ya viwanja viwili vya ndege.

Kwa Kigoma na Chicago, duara kuu linaondoka likielekea kaskazini-magharibi kabisa. Linavuka ziwa, linaikata Kongo, linapita kaskazini mwa Nijeria, linaingia Niger na kuuchana ukubwa wote wa Sahara, linatokea kusini mwa Moroko. Nusu ya safari ni baharini, si mbali na kisiwa cha Madeira cha Wareno. Kutoka hapo linazidi kupanda kaskazini, linapita kusini mwa Newfoundland, linafika nyuzi 44 hivi za latitudo, juu kuliko Chicago yenyewe ambayo iko nyuzi 42, kisha linaanza kushuka kuufuata mji. Ukiichora njia hiyo kwenye ramani ya ukutani utapata upinde uliobinuka kuelekea juu. Mtu akiuona atasema rubani anazunguka. Hazunguki, ramani ndiyo iliyopinda.

Urefu wa upinde huo ni takriban kilomita 12,630. Nasema takriban kwa sababu programu zenyewe hazikubaliani. Dunia haikuviringika sawasawa: ukipima kutoka katikati yake hadi Ikweta utapata kama kilomita 6,378, hadi ncha ya kaskazini 6,357. Programu nyingine hulizingatia hilo, nyingine huichukulia dunia kama mviringo kamili, na kwa safari ndefu namna hii zinaweza kupishana kwa kilomita 20 au 30 bila yeyote kukosea. Kuna kosa jingine kubwa zaidi, la vipimo. Marubani hutumia maili za baharini, ambayo moja ni mita 1,852. Wamarekani hutumia maili zao za kawaida, moja kilomita 1.6. Safari hii moja, basi, utaikuta imeandikwa 12,630 mahali, 7,850 pengine, na 6,820 kwingine. Aliyekwambia kwamba amepata tovuti yenye njia ya mkato ya 6,820 hajapata njia ya mkato yoyote.

Na sasa habari mbaya: hakuna ndege ya abiria inayopita njia hiyo.

Sababu si kwamba haiwezekani kiufundi. Boeing 787-8, aina ya Dreamliner ambayo Air Tanzania wanayo, imeundwa kuruka kama kilomita 13,500 bila kutua. Kwenye karatasi, inafika. Lakini ndege hiyo ikijazwa mafuta ya safari hiyo inahitaji njia ndefu ya kurukia. Ule uwanja mkubwa wa Dar es Salaam una njia ya mita 3,000, na wa Kigoma kwa miaka mingi ulikuwa na takriban mita 1,800. Zaidi ya lami, kuna abiria. Ndege ya viti 260 inataka watu 260 wanaokwenda Chicago siku hiyo hiyo, na wengine 260 wiki ijayo. Hawapo. Mashirika ya ndege yakaamua zamani kwamba badala ya kupeleka ndege kubwa kwa kila mji, yawakusanye watu wa miji midogo kwa ndege ndogo, yawapeleke kwenye kituo kikuu, huko ndiko yajaze ndege kubwa. Msafiri wa Kigoma anakusanywa Dar es Salaam, kisha anakusanywa tena Doha, Dubai, Addis Ababa, Istanbul au Amsterdam.

Kuipa Marekani kisogo

Dar es Salaam iko mashariki. Chicago iko magharibi. Kwa hiyo anayetoka Kigoma kwenda Marekani anaanza safari kwa kuipa Marekani kisogo.

Kutoka uwanja wa Kigoma hadi ule wa Julius Nyerere ni kilomita 1,077 kwa mstari mnyoofu. Reli ya Kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914, hupinda na milima na hufikisha kama kilomita 1,250 kwa safari hiyo hiyo. Angani tumeokoa kilomita 170 hivi, vizuri. Ila tazama hesabu ya Chicago: kutoka Dar hadi huko kwa duara kuu ni kilomita 13,530. Msafiri ameruka kilomita elfu na ushei, amekunywa juisi, ameshuka, na Chicago imesogea mbali naye kwa kilomita 900. Akipanda ndege ya Doha anaruka nyingine 3,818. Akitua Doha, mji anaouendea uko kilomita 11,458 mbele yake. Jumla ameshakula kilomita 4,895 za angani, na ukilinganisha na alipoamka asubuhi, amekaribia Chicago kwa kilomita 1,170 tu.

Hapo ndipo umbali wa aina ya pili unapozaliwa, umbali wa tiketi. Kigoma–Dar–Doha–Chicago ni kilomita 16,350. Ukipitia Amsterdam unapata takriban 15,030, na Addis Ababa karibu ni hizo hizo, 15,020. Umbali wa tatu ni ule ndege iliouruka kwa kweli, na huo haujulikani mpaka imetua, kwa sababu ndege huelekezwa kuzunguka dhoruba, hupangiwa foleni juu ya mji, na hukwepa anga zilizofungwa. Vita vya Sudan vilipoanza Aprili 2023 anga ya nchi hiyo ilifungwa, na ndege za kati ya Ulaya na Afrika Mashariki, ambazo njia yao fupi inapita juu ya Sudan, zikalazimika kuzunguka. Hakuna tovuti ya kukokotoa umbali iliyobadilisha namba yake siku ile. Yenyewe hupima dunia, haisomi habari.

Kabla hatujaiacha Kigoma, kuna jambo la Tabora ambalo kwangu linaeleza mada hii yote kuliko mfano mwingine wowote.

Mara nyingine ndege ya Dar hupitia Tabora, na abiria wa Kigoma hulalamika kwamba wamezungushwa. Pima. Kigoma hadi Tabora ni kilomita 351. Tabora hadi Dar ni 732. Jumla 1,083. Bila Tabora ni 1,077. Kuzungushwa kote huko ni kilomita sita, pungufu ya mwendo wa kutoka Kigoma mjini hadi Ujiji! Tabora imekaa karibu kabisa juu ya mstari mnyoofu wa kutoka ziwani kwenda pwani, na misafara ya zamani ya Ujiji, Tabora na Bagamoyo ilishika mwelekeo huo huo bila kuhitaji setilaiti.

Lakini abiria wanaolalamika wana haki, kwa sababu wanachodai si kilomita. Wanadai muda. Bombadia, ile Q400 ya mapanga mawili ambayo watu wa Kigoma wameizoea, ikishafika juu na kunyooka inaweza kukimbia hadi kilomita 667 kwa saa. Kilomita sita ni jambo la nusu dakika. Kinachokula muda ni kutua. Rubani anaanza kupunguza mwendo mbali kabla ya Tabora, anashuka, anajipanga na njia, anatua, anatembea taratibu hadi mahali pa kuegesha. Injini zinanyamaza. Mlango unafunguliwa, wa Tabora wanashuka, mizigo yao inatafutwa chini ya mizigo ya wa Dar, kuna begi moja halionekani, wapya wanapanda, mmoja kakalia kiti kisicho chake, mhudumu anahesabu vichwa, anahesabu tena. Injini zinawashwa, ndege inatembea hadi mwisho wa njia, inaruka, inapanda upya urefu ule ule iliokuwa nao dakika arobaini zilizopita. Kilomita sita zimegharimu hadi saa nzima.

Kwa hiyo kugawanya umbali kwa mwendo, hesabu ya darasa la sita, haitoshi kupata muda. Programu za mtandaoni hufanya hivyo hivyo: huchukua umbali, hugawanya kwa mwendo wa kukadiria wa ndege ya jeti, kama kilomita 800 au 850 kwa saa, huongeza nusu saa ya kuruka na kutua, basi. Kilomita 12,630 kwa 850 unapata kama saa 14 na dakika 50, ongeza nusu saa, ndiyo saa 15 na dakika 20 tulizoanza nazo. Haijaulizwa kama ndege hiyo ipo. Haijaulizwa kama ni ya jeti au ya mapanga.

Mashirika ya ndege nayo yana kipimo chao. Muda ulioandikwa kwenye tiketi hauhesabiwi kuanzia magurudumu yanapoacha ardhi, bali tangu ndege inapoanza kusogea kutoka ilipoegeshwa hadi inaposimama mahali pake upande wa pili. Ndani yake mna kutembea kwenye lami, na katika viwanja vikubwa hilo si dogo. Mna pia dakika za akiba, wanazoweka makusudi ili ndege ikichelewa kidogo bado ihesabiwe imefika kwa wakati. Ndiyo sababu rubani akitangaza kwa furaha kwamba tumewahi kwa dakika 20, mimi hutabasamu tu.

Upepo, jua na tarehe

Msafiri akienda na kurudi kwa njia moja atagundua kwamba kurudi ni kufupi. Wengi hudhani ni hamu ya nyumbani. Ni upepo. Juu sana, kilomita tisa hadi kumi na mbili kutoka ardhini, katika latitudo za Ulaya na Marekani Kaskazini, kuna mikondo ya upepo mkali unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Ndege inayokwenda Marekani inapigana nao, inayotoka huko inasukumwa. Chukua Amsterdam hadi Chicago, kilomita 6,612. Ndege yenye mwendo wa 900 ikikutana na upepo wa 100 usoni, kwa ardhi inakwenda 800, na safari ni saa 8 na dakika 16. Upepo huo huo ukiwa mgongoni inakwenda 1,000, na safari inakuwa saa 6 na dakika 37. Februari 2020, wakati wa dhoruba kali upande wa Ulaya, Boeing 747 ya British Airways ilitoka New York ikafika London kwa saa 4 na dakika 56, safari ambayo kwa kawaida huzidi saa sita.

Addis Ababa kuna kisa cha aina yake. Uwanja wake uko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi, na ndege iliyojaa mafuta haipati nguvu ya kutosha kuruka na uzito wote. Ndiyo maana ndege za Ethiopian za kwenda Washington zimekuwa zikitua njiani kuongeza mafuta, na za kutoka Washington huja moja kwa moja. Ardhi ni ile ile, kilomita ni zile zile, lakini kwenda kuna kituo, kurudi hakuna.

Sasa saa za ukutani, na hapa ndipo tiketi huwatoa watu jasho.

Kila muda kwenye tiketi ni wa mji husika. Kuondoka Doha ni saa ya Doha, kufika Chicago ni saa ya Chicago. Tuseme tiketi inasema unaondoka Doha 08:00 na kufika Chicago 14:30 siku hiyo hiyo. Ukitoa unapata saa sita na nusu. Mzee mmoja wa Ujiji alinionyesha tiketi ya namna hii ya mwanawe akiwa ameridhika kabisa: "Kumbe si mbali, ni kama kwenda Tabora na basi." Doha inatumia saa sawa na yetu. Chicago wakati wa kiangazi chao iko nyuma yetu kwa saa nane. Inapogonga 14:30 kule, Kigoma ni 22:30, saa nne na nusu usiku. Muda halisi angani ni saa 14 na nusu.

Nimesema wakati wa kiangazi chao, kwa sababu tofauti hiyo haitulii. Wamarekani husogeza saa mbele Jumapili ya pili ya Machi na kuirudisha nyuma Jumapili ya kwanza ya Novemba. Sisi hatusogezi. Kuanzia Novemba hadi Machi, Chicago iko nyuma yetu kwa saa tisa. Mama aliyezoea kumpigia mwanawe kila saa mbili usiku akimkuta mapumziko ya mchana, ghafla Novemba anamkuta kazini bado. "Baba, mbona siku hizi hupokei?" Hajakasirika mtu. Wamarekani wamegusa saa zao.

Watu wa Kigoma hawapaswi kushangazwa na mambo haya, maana wanaishi ndani yake. Saa ya Afrika Mashariki imepangwa kwa nyuzi 45 za longitudo, mstari unaopita karibu na Mogadishu na hauigusi Tanzania hata kwenye mpaka. Kigoma iko karibu nyuzi 30. Jua huchukua saa moja nzima kutoka mstari ule hadi hapa, na kama dakika 38 kutoka Dar. Mwezi wa Ramadhani anayefuata adhana ya redio ya Dar akiwa Ujiji atafuturu jua bado linamtazama. Na ukipanda boti kwenda Kalemie, Kongo, au gari kwenda Bujumbura unarudisha saa nyuma kwa saa moja, ijapokuwa Bujumbura iko karibu kabisa kaskazini mwa Kigoma na jua linazichomozea kwa pamoja. Saa za nchi hupangwa na serikali, jua halishauriwi.

Kosa linalouma kuliko yote, hata hivyo, halihusu Chicago. Linahusu usiku wa Dar.

Ndege nyingi za kimataifa huondoka Dar usiku wa manane. Tiketi inaandika: Jumatano, 00:40. Kwa hesabu yetu hiyo ni saa sita na dakika arobaini, usiku wa Jumanne kuamkia Jumatano. Siku ya tiketi inaanza usiku wa manane, siku ya Mswahili inaanza jua linapochomoza, na mtu akisikia "Jumatano saa sita usiku" anajiandaa Jumatano yote, anaaga ndugu, anakula, anafika uwanjani Jumatano saa tatu usiku na begi lake. Ndege iliondoka zaidi ya saa 20 zilizopita. Tiketi ikiwa ya 00:00 hadi kama 05:00, shika kalamu uandike pembeni kwa Kiswahili: kuwa uwanjani Jumanne saa tatu usiku. Usiishie kusogeza saa sita mbele au nyuma, sogeza na siku.

Tukusanye safari moja ya mfano. Kigoma unaondoka Jumanne 10:00, saa nne asubuhi, kupitia Tabora. Dar unatua 13:00. Unasubiri hadi 00:40, Jumatano kwa tiketi. Saa tano na nusu hadi Doha, unatua 06:10. Unaondoka 08:00. Chicago 14:30 kwa saa yao, 22:30 kwa yetu. Tangu Kigoma zimepita saa 36 na nusu. Angani na kwenye kituo cha Tabora umetumia 23. Saa 13 na nusu zilizobaki ulikuwa umekaa kwenye kiti kisichosogea, nyingi kati ya hizo, 11 na dakika 40, ukiwa Dar.

Mtu atauliza kwa nini asipande ndege ya Kigoma ya jioni apunguze kungoja. Akiipata, sawa. Lakini ndege za Kigoma ni chache na kwa kawaida za mchana, na kati ya kushuka na kupanda kuna kazi: unashuka jengo la pili la abiria linalohudumia safari za ndani, unachukua mizigo, unahamia jengo la tatu lililofunguliwa 2019 kwa safari za kimataifa, unapanga foleni, unakaguliwa. Kama una chupa ya mawese kwenye begi la mkononi itabaki pale, kwa sababu kimiminika cha zaidi ya mililita 100 hakipiti. Dagaa wakavu hawana shida na mashine, shida yao ni harufu, na hilo ni kati yako na jirani wa kiti.

Jambo la kutazama zaidi ya bei ni kama safari yote iko kwenye tiketi moja. Ikiwa moja, ndege ya Kigoma ikichelewa, ni kazi ya shirika kukutafutia nyingine mbele. Ikiwa mbili, ya ndani umekata kwako na ya kimataifa umekatiwa na ndugu yako aliyeko Marekani, ya kwanza ikichelewa ya pili haikungoji, na hela hairudi kirahisi. Kwa tiketi mbili, saa 11 za kungoja Dar si hasara. Mimi humshauri mtu afike hata siku moja kabla, alale kwa ndugu Mbagala au Gongo la Mboto, kuliko kuiombea Bombadia isichelewe Tabora.

Kurudi kuna hesabu yake. Ukiondoka Chicago Jumamosi 19:00 na kufika Doha Jumapili 16:00, karatasi inaonyesha saa 21, toa nane, umekaa angani 13. Upepo umekupunguzia saa moja na nusu. Lakini ukiunganisha na ndege ya jioni unatua Dar Jumatatu saa 00:45, na hakuna cha kukufikisha Kigoma usiku huo. Na kwa kuwa ndege za Kigoma haziruki kila saa, kabla ya kulipia tiketi ya kimataifa angalia ile ya Dar–Kigoma inaondoka siku zipi wiki hiyo na ina nafasi au haina. Ikiwa ya Jumatatu imejaa, kilomita 1,077 za mwisho zinaweza kukuchukua muda mrefu kuliko 15,276 zilizotangulia.